Thunder ya 2012 iliuawa na nani, na hii ya 2025 itabanwa lini?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni shabiki wa Oklahoma City Thunder, timu ya kikapu ya NBA ya Marekani, tangu enzi za Mtanzania wetu Hasheem Thabeet. Juni 2025 tumechukua ubingwa, lakini nyumbani hakukaliki. Shemeji yangu, ambaye naye ni Thunder damu, anasema tutavunjika kama 2012, na kwamba Chet Holmgren auzwe sasa hivi angali na bei. Mimi nasema timu ya ubingwa haiguswi. Ubishi umerudi nyuma mpaka kwa akina Durant: yeye anasema msaliti ni Durant, mimi nasema kikwazo alikuwa Westbrook. Tumewekeana bando la mwezi mzima. Tuamulie. (Msomaji wa Tandika)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hongera kwa ubingwa, na pole kwa usingizi. Najua mchezo wa saba wa fainali ulianza saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, 23 Juni, na najua wengi wenu mlikwenda kazini na macho mekundu. Mimi niliutazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, sauti nimeifunga ili mama watoto asiamke, na mwisho Thunder wakammaliza Indiana kwa 103 kwa 91.

Nianze na 2012, maana hapo ndipo nyote wawili mmeshika mkia mkidhani ni kichwa.

Juni mwaka huo Thunder walifika fainali wakafungwa na Miami mechi 4 kwa 1. Kevin Durant alikuwa na miaka 23, Russell Westbrook 23, James Harden 22, Serge Ibaka wa Brazzaville 22. Rudia kusoma hiyo miaka. Kwa umri huo, kufungwa fainali na akina LeBron si msiba, ni ada ya shule. Julai wakamsajili Thabeet wetu, na hapo nusu ya vijana wa kikapu Dar es Salaam wakahamia Oklahoma bila hata kujua iko upande gani wa Marekani. Na wewe nadhani ulipandia basi hilohilo.

Agosti Ibaka akaongezewa mkataba wa miaka 4. Westbrook alikwishasaini wake Januari. Akabaki Harden, aliyekuwa akianzia benchi na ndiye aliyetwaa tuzo ya mchezaji bora wa akiba msimu ule. Klabu ikamwekea mezani karibu dola milioni 55 kwa miaka 4. Kiwango cha juu alichoruhusiwa kulipwa kwa miaka hiyohiyo kilikuwa karibu milioni 60. Tofauti, kama milioni 5. Hakukubali, na tarehe 27 Oktoba, siku chache kabla ya msimu kuanza, akapelekwa Houston. Thunder wakapata Kevin Martin, Jeremy Lamb na haki za kuchagua chipukizi kwenye drafti. Houston wakampa Harden miaka 5 kwa karibu milioni 80.

Kwa nini Houston waliweza kutoa miaka 5 na Thunder 4 tu? Hili wengi hawalijui, na ndilo lenye utamu. Kanuni za ligi za 2011 ziliruhusu kila timu kumpa chipukizi wake mmoja tu nyongeza ya miaka 5. Nafasi hiyo Thunder walikwishamtilia Westbrook. Kwa hiyo Harden aliombwa mambo mawili kwa pamoja: apunguze mshahara, na apunguze mwaka. Akubali kuwa mdogo wa tatu ndani ya nyumba, na bado chakula chake kipunguzwe. Mimi nisingekubali. Wewe je?

Basi hapo sioni usaliti wa Durant wala ukaidi wa Westbrook. Harden hakuuzwa na mchezaji mwenzake. Aliuzwa na hesabu ya wakubwa waliokuwa wakiitazama kodi mpya. Ligi inatoza kodi ya anasa kwa timu inayolipa mishahara kupita kiwango, na kanuni zilezile za 2011 zilisema kuanzia msimu wa 2013-14 kodi hiyo itapanda kwa ngazi, si dola kwa dola kama zamani. Oklahoma City ni soko dogo, timu yenyewe ilihamia pale kutoka Seattle mwaka 2008, na wenye mali waliingiwa na hofu.

Hofu ya kodi naielewa. Haraka yao ndiyo siielewi. Harden alikuwa bado na mwaka mmoja mzima wa mkataba wake wa uchipukizi, mshahara mdogo kabisa. Wangeweza kucheza naye msimu wote wa 2012-13, wakajaribu fainali tena, halafu kiangazi wakakaa mezani wakiwa na haki ya kulingana na dau lolote atakaloletewa na timu nyingine. Badala yake wakauza mbuzi wa maziwa kwa sababu mwakani majani yatapanda bei. Na kuna kichekesho kichungu: mwaka 2015 klabu hiyohiyo ililingana na dau la Portland ikamlipa Enes Kanter dola milioni 70 kwa miaka 4. Kanter! Aliyekuwa hawezi kumkaba hata kivuli chake kwenye mchujo. Milioni 5 za Harden zilishindikana, 70 za Kanter zikapatikana.

Sasa hao wawili mnaowagombania. Westbrook aliumia goti Aprili 2013, raundi ya kwanza, Patrick Beverley alipomvamia mpira ukiwa unakwenda kusimama. Beverley alikuwa mchezaji wa Houston, timu ya Harden. Kama ungeyaandika hayo kwenye tamthilia wangesema umezidisha chumvi. Durant naye alicheza mechi 27 tu msimu wa 2014-15 kwa sababu ya mguu. Mwaka 2016 wote wazima, wakawaongoza Golden State mechi 3 kwa 1 kwenye fainali ya Magharibi, na mchezo wa sita uko nyumbani. Klay Thompson akatupia mitupo 11 ya pointi tatu, akamaliza na 41. Nakumbuka ule wa kona ya kulia kwake, mkabaji mkono uko usoni kabisa, na mpira ukashuka bila kugusa chuma. Wakafungwa ule, wakafungwa na wa saba.

Tarehe 4 Julai Durant akatangaza kwenda kulekule Golden State. Shemeji yako anaita usaliti, na kwa lugha ya kijiweni sawa, hata mimi siku ile nilisema maneno. Lakini jiulize, timu iliyoshinda mechi 73 ilipataje nafasi ya kumlipa mtu kama Durant? Fedha za mikataba mipya ya televisheni ziliingia zote kwa mkupuo, ukomo wa mishahara (jumla ambayo timu inapangiwa kuwalipa wachezaji wake) ukaruka kutoka dola milioni 70 hadi 94 katika kiangazi kimoja. Mlango ule ulifunguka mwaka huo tu. Mwaka mmoja kabla au mmoja baadaye, Durant angetaka kwenda asingepata pa kuingilia. Na Harden, Westbrook na Durant wote watatu walikuja kuwa wachezaji bora wa ligi: Durant 2014, Westbrook 2017, Harden 2018. Timu iliyowahi kuwa na watu watatu wa aina hiyo chini ya miaka 24 haikuchukua kombe hata moja. Kwa hiyo swali la nani mbaya kati ya wawili waliobaki mimi nalifuta. Aliyekosekana ni wa tatu.

Kidogo niwatonye jambo la kuwachekesha wote wawili. Drafti ya 2009 Memphis walishika nafasi ya pili wakamchagua Thabeet. Thunder, waliokuwa wa tatu, wakamchukua Harden. Memphis wangebadili mawazo dakika ile, ubishi wenu wote huu usingekuwapo, na pengine wewe ungekuwa shabiki wa Thunder miaka 3 kabla.

Haya, tuje kwa hawa wa leo.

Julai 2025 klabu ilifanya kinyume kabisa cha 2012. Shai Gilgeous-Alexander, mchezaji bora wa ligi na wa fainali msimu wa 2024-25, kaongezewa miaka 4 kwa dola milioni 285. Chet Holmgren miaka 5, inaweza kufika milioni 250. Jalen Williams miaka 5, inaweza kufika 287 akitimiza masharti ya tuzo. Jumla milioni 822, ndani ya siku 10 hivi. Meneja mkuu ni yuleyule Sam Presti aliyemuuza Harden. Mtu kaumwa na nyoka, akaona ung'ongo, safari hii hakukimbia, kaununua mti mzima.

Shemeji anasema Chet auzwe sasa angali na bei. Mwambie soko hilo limefungwa, na si kwa mapenzi, ni kwa kanuni. Mchezaji akishasaini nyongeza akiwa bado kwenye mshahara wa uchipukizi, ligi inamhesabu kwa bei mbili katika mwaka huo wa kati. Msimu wa 2025-26 Chet analipwa kama milioni 13.7. Thunder wakimtoa, kwao anahesabika hiyo 13.7. Timu inayompokea inamhesabu kwa wastani wa msimu huo pamoja na ile miaka 5 mipya, yaani zaidi ya milioni 40. Mizani hiyo itakaaje? Huyu anatoa kilo 13, yule lazima awe na nafasi ya kilo 40. Wenyewe kule wanaita kidonge cha sumu. Inawezekana kwa kupindapinda sana, lakini hakuna meneja mwenye akili timamu atakayejisumbua wakati akingoja mpaka Julai 2026 mambo yananyooka.

Hoja ya shemeji kwamba Chet ni wa kuvunjikavunjika nayo siitupi. Msimu wake wa kwanza wote aliukosa kwa mguu, na Novemba 2024 akavunjika nyonga akacheza mechi 32 tu za msimu wa kawaida. Lakini ulimwona mchezo wa saba? Alizuia mitupo 5. Kuna mmoja sikuurudia kwenye marudio kwa sababu ya ule mkono, niliurudia kwa sababu ya miguu: hakuruka mapema, alisubiri mpaka mpira uache vidole vya mwenzie. Senta wa mita 2.16 mwenye subira ile, na bado anatupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, humpati dukani. Jalen naye alifunga pointi 40 mchezo wa tano wa fainali huku kano ya kifundo cha mkono imechanika, akaja kupasuliwa baada ya msimu. Hao si watu wa kuuza ukiwa bingwa.

Sasa upande wako. Umesema timu ya ubingwa haiguswi. Hapo ndugu yangu umeongea kama mtu wa Simba au Yanga wiki ya ubingwa. Chukua daftari la mtoto, geuza ukurasa wa nyuma, tuandike.

Msimu wa 2025-26 ukomo wa mishahara ni dola milioni 154.6. Timu inaruhusiwa kuuvuka ili kubakiza watu wake. Ikifika 187.9 inaanza kulipa kodi ya anasa. Ikipita 207.8 inaingia kwenye eneo linaloitwa aproni ya pili, na huko hata tajiri asiyejali fedha anajali, maana adhabu si ya fedha tena. Huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili umpate mmoja mkubwa. Unachopokea katika mabadilishano hakiwezi kuzidi unachotoa. Huna fungu la nyongeza la kusajili mchezaji huru wa maana. Chaguo lako la raundi ya kwanza la mwaka wa saba ujao linagandishwa, huwezi kuliuza, na ukirudia makosa linasukumwa mpaka mwisho wa foleni. Yaani unafungwa mikono, halafu unaambiwa cheza.

Kwa msimu wa 2026-27 ligi ilitarajia mwaka 2025 kwamba ukomo utapanda kwa asilimia 7 hivi, na aproni ya pili itakuwa kama milioni 222. Andika: Shai 41, Jalen 41, Chet 41. Hapo tayari 123 kwa watu watatu. Ongeza Isaiah Hartenstein 28.5. Alex Caruso kama 20. Lu Dort kama 18. Unafika karibu 190 na una watu 6. Zimebaki 32 hivi kwa watu 9, na Isaiah Joe mkataba wake ni wa wastani wa milioni 12 kwa mwaka. Unaona? Inabana lakini haijakaba. Kwa kujipangapanga, msimu huo wanaweza kuupita.

Geuza ukurasa. Mkataba mpya wa Shai hauanzi sasa, watu wengi wamekosea hapo. Unaanza 2027-28. Milioni 285 kwa miaka 4 ni wastani wa zaidi ya 71 kwa mwaka. Kutoka 41, anaruka kwa kiangazi kimoja hadi juu ya 60. Ukomo haurudi kuruka kama 2016, kwa sababu ligi ilijifunza ikaweka sheria kwamba usipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa hiyo ukiniuliza kisu kiko wapi, sikioni msimu wa 2025-26. Nakiona kiangazi cha 2027, na kitawakata watu wa kati kwanza.

Ukitaka ushahidi usitazame mbali. Denver walichukua kombe 2023, kiangazi hichohicho Bruce Brown akaondoka, uliofuata Kentavious Caldwell-Pope. Nikola Jokić na Jamal Murray hawakuguswa. Boston bingwa wa 2024, Juni 2025 walimtoa Jrue Holiday kwenda Portland na Kristaps Porziņģis kwenda Atlanta, kwa sababu Jayson Tatum kachanika kano ya kisigino na haikuwa na maana kulipia aproni msimu ambao nyota yuko kwenye magongo. Tatum na Jaylen Brown walibaki. Siku hizi timu haivunjwi kichwani. Inanyofolewa mbavu.

Na mbavu za Thunder ni zipi? Kwa macho yangu ni Hartenstein na Dort. Mwaka wa mwisho wa mikataba yao, 2026-27, kauli ni ya klabu: ikitaka iwalipe, isipotaka iwaache. Hartenstein ndiye ninayemhofia zaidi, si kwa ubaya, kwa bei. Yeye ndiye anayemwekea Shai kizuizi kule juu, anasukuma mgongo mmoja, Shai anapita upande wa pili na kuinua ule mtupo wake wa mita 4 usiozuilika. Takwimu za kawaida hazimpi Hartenstein alama yoyote kwa kazi hiyo. Akiondoka, mtaanza kusema Shai kashuka kiwango, na kumbe kaondoka fundi wa mlango.

Presti kajiandaa kwa hilo kuliko alivyojiandaa 2012. Anachohitaji ni watu wa bei nafuu wa kuziba mapengo, na bei nafuu kwenye ligi ile inatoka drafti. Hapo tunarudi kwa Ibaka, yule aliyebakizwa badala ya Harden. Juni 2016 Ibaka aliuzwa Orlando akaleta Victor Oladipo na Domantas Sabonis. Hao wawili mwaka uliofuata wakaenda Indiana kumleta Paul George. Julai 2019 George akataka kwenda Clippers, na Clippers wakatoa Danilo Gallinari, kijana mwembamba wa Kikanada aliyekuwa amecheza msimu mmoja tu, na chaguo 5 za raundi ya kwanza. Kijana huyo ni Shai. Mojawapo ya chaguo hizo ni Jalen Williams, wa 12 mwaka 2022. Na moja ilikuwa bado njiani mwaka 2025: chaguo la Clippers la 2026, lisilo na masharti. Clippers waliingia msimu wa 2025-26 wamejaa wazee. Magoti yao yakigoma msimu huo, Thunder bingwa watachagua chipukizi juu kabisa ya foleni, alipwe kidogo kwa miaka 4, wakati huohuo Shai anaanza kuvuta milioni 60 na ushee.

Nikipiga hesabu yangu, mihimili mitatu inabaki pamoja angalau mpaka 2027, Hartenstein ama anapunguza bei kwa miaka mirefu zaidi ama anaondoka, na Caruso anakuwa wa kutazamwa baada ya hapo, umri nao unamfuata. Ikifika 2027 na bado hawajapunguza, ndipo jina la Jalen au Chet litatajwa kwa sauti. Shemeji atakuwa amesema kweli, miaka 2 kabla ya wakati.

Kuhusu dau lenu: yeye kakosea kuhusu Chet na kuhusu Durant, wewe umekosea kuhusu Westbrook na hilo la bingwa haguswi. Mgawane bando, yeye anunue la wiki mbili za kwanza. Halafu mweke dau jipya juu ya Hartenstein, mwisho wa Juni 2026, na safari hii mkiniandikia msinisahau na mimi, maana mchezo wa saba ulinimalizia bando langu robo ya nne ikiwa na dakika 6, nikamalizia kwa kusikiliza redio ya jirani aliyekuwa na kelele kuliko mimi.